Nukta Hazilali Kwenye Mkunjo: Utatuzi wa Matatizo ya Data za Msukosuko wa Hewa Juu ya Msitu wa Tropiki

Nadharia ya mfanano ya Monin na Obukhov, iliyochapishwa mwaka 1954, inaahidi jambo moja kubwa. Katika tabaka la hewa lililo karibu na ardhi, yaani tabaka la uso, ukishaweka gradienti ya upepo au ya joto (badiliko lake kadiri unavyopanda) kwenye mizani yake sahihi, kinachobaki hutegemea namba moja tu: ζ = (z − d)/L, ambapo z ni kimo cha kihisi, d ni kimo cha msogeo na L ni urefu wa Obukhov, unaolinganisha msuguano wa upepo na kuelea kwa hewa yenye joto. Ahadi hiyo ina masharti. Eneo liwe tambarare na la namna moja, hali ya hewa isigeuke ndani ya muda wa wastani, fluksi (kiasi cha joto, mvuke au mwendo kinachosafirishwa na hewa) zisibadilike sana kadiri unavyopanda, na kihisi kiwe mbali vya kutosha na vitu vinavyoukwaruza upepo. Mikunjo ya utegemezi huo tunayoitumia mpaka leo msingi wake ni majaribio ya Kansas, Marekani, ya mwaka 1968, kwenye uwanda wa mabua ya ngano. Msitu wa mvua hautimizi hata sharti moja kati ya hayo bila ubishi.

Kwa hiyo nukta zinapokataa kulala kwenye mkunjo, kishawishi cha kwanza ni kuchezea namba zilizomo kwenye fomula hadi picha ipendeze. Usizichezee. Nyingi ya tofauti hizo zina chanzo kinachotafutika, na zile ambazo hazirekebishiki husababishwa na mahali kihisi kilipo, si na namba za fomula. Utaratibu ninaoufuata ni huu: anza na kifaa, kisha hesabu, kisha vimo, kisha tabaka ambamo kihisi kimo. Fizikia mpya ije mwisho kabisa.

Katika maelezo yanayofuata gradienti ya upepo iliyowekwa kwenye mizani naiita φm. Natumia φm = (1 − 16ζ)^(−1/4) kwa hali isiyo thabiti (joto la chini linaisukuma hewa kupanda), 1 + 5ζ kwa hali thabiti (chini kuna baridi, hewa inatulia), na k, namba ya von Kármán, ya 0.4. Mfano wangu ni wa kubuni lakini haujitengi na hali halisi: mnara wa meta 55 kutoka ardhini, katika msitu ambao paa lake lina kimo cha meta 38.

Dalili: nukta zote zimesogea kwa kiwango kilekile, takriban asilimia 14

Angalia k. Wachambuzi wa awali wa Kansas walitumia k ya 0.35, pamoja na namba zao 15 na 4.7. Ukichukua namba zao ukaweka k ya 0.40, umechanganya mifumo miwili ambayo haiendani, na uwiano wa 0.40 kwa 0.35 ni 1.14. Chagua seti moja ya namba uitumie nzima. Ni kosa dogo, ila nimeliona likijadiliwa kwa kirefu kana kwamba ni tabia ya msitu.

Dalili: nukta ziko juu sana ya mkunjo, mara mbili au zaidi

Karibu kila mara hapa kuna mtu aliyeweka z mahali pa z − d. Kimo cha msogeo ni kimo ambacho, kwa upepo unaopita juu, ardhi huonekana kuanzia hapo. Ni kitovu cha ukinzani wa majani na matawi. Katika misitu minene ya tropiki d huwa kati ya 0.75 na 0.85 ya kimo cha paa. Kwa mfano wetu tuseme meta 30, basi z − d ni meta 25.

Sasa piga hesabu ya mchana wa kawaida. Kasi ya msuguano u* ni 0.4 m/s, fluksi ya joto ni 0.12 K m/s, na joto la hewa ni 300 K. L inakuwa kama −41 m. Kwa z − d ya meta 25, ζ ni −0.61 na φm inayotarajiwa ni 0.55. Ukitumia meta 55 badala yake, ζ inaruka hadi −1.35 na mkunjo unasema 0.46, huku thamani unayoichora ikiwa imezidishwa kwa 2.2. Matokeo yake nukta inasimama mara 2.6 juu ya mahali inapotakiwa, bila kosa lolote la kifaa wala la hewa.

Sehemu ngumu ni kuipata d yenyewe. Njia ya vitabu ni kuchukua profaili za upepo (vipimo vya vimo kadhaa) wakati wa hali ya kati, hewa isiposukumwa kupanda wala kuzuiwa, ζ ikiwa karibu na sifuri, na kutafuta d inayonyoosha mstari wa upepo dhidi ya logi ya z − d. Juu ya misitu ya tropiki nyakati hizo ni chache kwa sababu upepo huwa hafifu, na ukiwa na vihisi vitatu tu, d na urefu wa mkwaruzo z0 hufidiana: moja ikipanda, nyingine inashuka, na mstari unabaki mnyoofu vilevile. Kuna hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni ya sehemu inayofuata.

Dalili: d imerekebishwa, nukta sasa ziko chini ya mkunjo, na za joto ziko chini zaidi kuliko za upepo

Hii ndiyo dalili halisi ya msitu. Gradienti unayoipima ni dhaifu kuliko ile ambayo nadharia inaidai kwa fluksi hiyohiyo. Maana yake hewa inachanganyika kwa ufanisi zaidi ya inavyotakiwa. Kihisi chako kiko ndani ya tabaka la mkwaruzo, ambalo hutanda kutoka kwenye paa hadi mara mbili au tatu ya kimo cha miti. Kwa msitu wa meta 38 hiyo ni meta 76 hadi 114. Mnara wa meta 55 haujalitoka tabaka hilo hata kidogo.

Chanzo chake kinajulikana. Upepo juu ya majani huenda kasi, ndani ya majani huenda polepole, na kwenye mpaka wa wawili hao profaili hujikunja. Mkunjo wa namna hiyo hauna uthabiti: huzaa mawimbi, mawimbi hubiringika kuwa mizunguko mikubwa inayofanana na ile ya mahali mikondo miwili yenye kasi tofauti inapokutana. Mwaka 1996 Raupach, Finnigan na Brunet walionyesha kwamba msukosuko wa juu ya mimea unafanana na tabaka la mchanganyiko la namna hiyo kuliko unavyofanana na hewa inayopita juu ya ukuta. Mizunguko hii ukubwa wake unatawaliwa na paa lenyewe, si na umbali kutoka ardhini. Hapo ndipo nadharia ya mfanano inapoishiwa nguvu, kwa kuwa kuna urefu wa ziada ambao haikuuweka kwenye hesabu zake.

Usiamini maelezo hayo kwa data yako kabla ya kuipima. Vipimo vinne vinatosha, vyote katika hali ya karibu na kati (u ni upepo wa mlalo, w ni wa wima, σ ni mtawanyiko wake):

- σw/u*: kwenye tabaka la uso ni 1.25, kwenye usawa wa paa hushuka hadi karibu 1.1.
- σu/u*: kutoka kama 2.4 hadi karibu 2.
- Kigezo cha ulinganifu kati ya u na w: kutoka −0.3 au −0.35 hadi karibu −0.5. Hiki nakiamini kuliko vyote.
- Namba ya Prandtl ya msukosuko (uwiano wa uchanganyaji wa mwendo na ule wa joto): kutoka karibu 1 hadi kama 0.5. Ndiyo sababu nukta za joto zinashuka zaidi kuliko za upepo.

Angalia pia mgawanyo wa kasi umeegemea upande gani. Karibu na paa, u huwa na mkia upande wa chanya na w upande wa hasi: mapigo ya hewa ya kasi yanayoshuka ndani ya msitu hubeba mwendo kuliko mapigo yanayopanda. Ukipanda hadi tabaka la uso, hali hiyo hugeuka.

Vipimo hivyo vikikubaliana, una njia tatu. Ya kwanza ni kuacha gradienti na kutegemea kovariansi (jinsi w na joto au gesi zinavyobadilika pamoja) moja kwa moja, kwa kuwa fluksi iliyopimwa na anemomita ya sauti, kipima upepo kinachotumia mawimbi ya sauti, haihitaji φ yoyote. Ya pili ni kuongeza kizidishi cha tabaka la mkwaruzo. Cha Garratt, cha mwaka 1980, ni 0.5 e^(0.7 z/z*), z ikihesabiwa kutoka d na z* ikiwa kilele cha tabaka hilo. Kwa mnara wetu, z* ikiwa meta 50 juu ya d, z/z* ni 0.5 na gradienti inapaswa kuwa asilimia 71 ya ile ya nadharia. Ya tatu, iliyo bora kwa anayeunda modeli, ni ya Harman na Finnigan ya mwaka 2007, inayounganisha profaili ya ndani ya mimea na ya juu yake badala ya kubandika kiraka.

Sasa ile hatari niliyoitaja. Tuseme unaikadiria d kwa kuilazimisha data ifuate mkunjo, bila kujua kwamba uko ndani ya tabaka la mkwaruzo. Gradienti yako ni asilimia 71 ya inayotarajiwa, basi hesabu inajiponya kwa kuongeza z − d kutoka meta 25 hadi kama meta 33. d inatoka meta 22, chini ya 0.6 ya kimo cha paa, na nukta zinalala vizuri kabisa. Picha ni safi, makosa mawili yamefutana. Kwa hiyo msitu mnene ukikupa d ya nusu ya kimo chake au zaidi kidogo, usisherehekee. Ni tabaka la mkwaruzo limevaa nguo za d. Ikadirie d kwa njia nyingine, kwa mfano kutokana na mgawanyo wa majani kwa kimo.

Wengine watasema suluhisho ni mnara mrefu. Mnara wa ATTO, uliopo kwenye hifadhi ya Uatumã kiasi cha kilomita 150 kaskazini-mashariki mwa Manaus, una meta 325, na umesaidia sana. Lakini urefu nao una dari yake. Tabaka la uso ni kama sehemu ya kumi ya tabaka la mpaka, yaani hewa yote inayoathiriwa moja kwa moja na ardhi: mchana la mpaka likiwa meta 1,000 hadi 1,500, tabaka la uso linaishia meta 100 hadi 150. Linganisha na kilele cha tabaka la mkwaruzo, meta 76 hadi 114. Nafasi inayobaki katikati ni nyembamba, na asubuhi, tabaka la mpaka likiwa bado meta 300, haipo. Kuna saa ambazo hakuna kimo chochote juu ya msitu huo ambapo nadharia ya 1954 inatumika kama ilivyoandikwa. Kulijua hilo mapema kunaokoa fedha za chuma cha mnara.

Dalili: kigezo cha usambaaji K kinatoka hasi

K ni namba inayounganisha fluksi na gradienti. Tazama orodha ya vimo. Kihisi kimojawapo cha gradienti kiko chini ya vilele vya miti. Ndani ya majani fluksi inaweza kwenda kinyume na gradienti, kwa sababu mizunguko inayosafirisha ni mikubwa kuliko umbali ambamo gradienti inabadilika. Denmead na Bradley walilionyesha hilo tangu miaka ya 1980. K haina maana humo. Toa kihisi hicho kwenye hesabu. Kama K ni hasi hata kwa vihisi vilivyo juu ya paa, basi tofauti ya joto kati yao ni ndogo kuliko kosa la vipimajoto. Vilinganishe vikiwa kimo kimoja kwa siku kadhaa, mwanga wa jua na usiku vikihusika.

Dalili: fluksi ya joto inaonekana kubwa mno siku ambazo majani yanatoa mvuke mwingi

Anemomita ya sauti haipimi joto la hewa. Inapima joto la sauti, Ts = T(1 + 0.51q), na q ni unyevu mahsusi. Sehemu kavu za dunia tofauti hii inasameheka. Juu ya msitu wa mvua haisameheki: ziada yake ni takriban asilimia 6 ya fluksi ya joto fiche, nishati inayobebwa na mvuke. Joto fiche likiwa wati 400 kwa meta mraba, umeongeza wati 25 hewani ambazo hazipo. Joto la kuhisika likiwa 100 tu, hiyo ni robo yake.

Ila usikimbilie kusahihisha kila mahali. Ndani ya L kinachotakiwa ni fluksi ya kuelea, ambayo unyevu ni sehemu yake halali, na joto la sauti liko karibu sana na joto pepe, yaani joto linalojumuisha wepesi wa unyevu. Sahihisha kwa ajili ya bajeti ya nishati. Kwa L tumia joto pepe. Anayesahihisha mara mbili, au anayesahihisha hata kwa ajili ya L, ndiye anayepata ζ za ajabu. Kumbuka pia kwamba L inabeba u* kwa kipeo cha tatu: kosa la asilimia 10 kwenye u* ni kosa la kama asilimia 30 kwenye L.

Dalili: u* inashuka ghafla kwa pande fulani za upepo

Mnara unajiziba wenyewe. Chora u* na mwinamo wa wastani wa w dhidi ya mwelekeo wa upepo, kisha tupa pande za nyuma ya mnara. Tumia mzunguko wa ubapa (kugeuza mihimili ya upepo ifuate ubapa mmoja) uliokadiriwa kwa wiki nyingi, si mzunguko wa kila nusu saa, ambao kwa upepo hafifu hubuni mielekeo. Vipindi vya mvua vitupwe pia. Matone kwenye vichwa vya anemomita huzaa miiba ya data.

Dalili: mkunjo wa hali thabiti ni mzuri kupita kiasi

Shuku. φm ina u* chini, ζ ina u* chini kwa kipeo cha tatu. u* ikiwa na kosa la nasibu, nukta husogea sambamba kwenye mihimili yote miwili na kuchora mstari unaopanda, fizikia ikiwepo au isiwepo. Jaribio ni rahisi: changanya u* za vipindi mbalimbali ovyo ovyo, chora upya. Mstari ukibaki, ulikuwa unachora u* dhidi ya u*.

Dalili: w inatii, joto linatii kidogo, mvuke na kabonidioksidi vinatawanyika

Anza na bomba. Kama kichanganuzi cha gesi kinavuta hewa kwa bomba, mvuke hunata kwenye kuta zake, na hunata zaidi kadiri unyevu unavyokaribia kushiba, hali ambayo juu ya msitu hutokea kila usiku na kila asubuhi. Weka kospektra (mchango wa kila masafa kwenye fluksi) ya w na mvuke juu ya ile ya w na joto: ya mvuke ikianguka mapema kwenye masafa ya juu, chanzo ni bomba. Ucheleweshaji wa mvuke nao ukadiriwe kwa madaraja ya unyevu, si kwa namba moja ya mwaka mzima.

Bomba likiwa safi, tafuta tofauti za asili. Nadharia inadai vitu vyote vinavyobebwa na hewa vifanane, yaani ulinganifu wa joto na mvuke ukaribie 1. Lakini joto na mvuke hutoka zaidi kwenye majani ya juu yanayopigwa na jua, wakati kabonidioksidi humezwa na majani hayohayo na kutolewa na udongo. Juu zaidi, hewa kavu inayoingizwa kutoka kileleni mwa tabaka la mpaka hushuka na kuvuruga mvuke kuliko joto. Mtawanyiko wa namna hii si kosa. Vilevile σu/u*: mchana wenye upepo hafifu hutawaliwa na kina cha tabaka zima la mpaka, na ζ haiwezi kuupanga.

Dalili: nishati haifungi, asilimia 10 hadi 30 ya inayoingia haionekani kwenye fluksi

Ni ugonjwa wa minara mingi duniani, si wa kwako peke yako. Kwanza hesabu nishati iliyohifadhiwa kwenye hewa na kwenye shina za miti. Msitu mrefu hubeba nyingi asubuhi. Kisha chora jumla limbikizi ya kospektra kutoka masafa ya juu kwenda ya chini. Ikiwa haijatulia inapofika dakika 30, kuna mizunguko ya polepole unayoikata. Katika minara ya Amazonia, kurefusha muda wa wastani kumepunguza pengo. Gharama yake ni kwamba kadiri unavyorefusha, hali ya hewa inabadilika ndani ya dirisha. Jaribio la Foken na Wichura, linalolinganisha vipande vya dakika 5 na nusu saa nzima kwa kikomo cha asilimia 30, litakataa vipindi vingi zaidi.

Dalili: usiku kila kitu kinavurugika

Usiku majani ya juu hupoteza joto kwa mnururisho na kuwa baridi kuliko hewa ya chini yake. Matokeo ni tabaka mbili zisizozungumza: juu ya paa hali ni thabiti, ndani ya msitu hewa inapinduka taratibu. ζ ya kihisi cha juu haielezi lolote kuhusu kinachotokea chini. Msukosuko nao huja kwa vipindi, dakika chache za mshtuko kisha kimya, pamoja na mawimbi ya mvutano yanayotikisa w bila kusafirisha joto wala gesi. Dirisha la dakika 30 linachanganya vyote hivyo. Tenganisha msukosuko na mwendo wa polepole kwa kutafuta pengo kwenye kospektra, ambalo usiku mara nyingi huwa kwenye dakika chache; kokotoa u* na L kwa dirisha hilo fupi. 1 + 5ζ usiiendeleze kupita ζ ya 1.

Kwa kabonidioksidi, chora fluksi ya usiku dhidi ya u* na utafute mahali inapoacha kupanda. Chini ya hapo data haifai. Lakini kabla ya kutupa, jumlisha kwanza mabadiliko ya gesi iliyohifadhiwa chini ya kihisi, kwa profaili ya vimo kadhaa kutoka sakafuni hadi kileleni. Gesi iliyolundikana usiku huruka juu kwa pamoja jua linapochomoza. Ukitupa usiku tulivu bila kuhesabu hifadhi, ukaziba pengo kwa makadirio, kisha ukaubakiza mlipuko wa asubuhi kwenye hesabu, umeihesabu pumzi ileile ya msitu mara mbili. Na kama mnara uko kwenye nyanda ya juu yenye mabonde pembeni, sehemu ya gesi hiyo huteremka na hewa baridi bila kupita kwenye kihisi kamwe. Hapo hakuna kichujio cha u* kitakachoirudisha, inahitaji profaili ya pili bondeni.